Ukuta wa Mama Kamene

Mpira ulisimama muda mfupi baada ya mapumziko, wala hapakuwa na faulo. Winga wa Mowlem alikuwa akikimbia pembeni, mpira umemtangulia kidogo, mara akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akaanguka na kushika kifundo cha mguu. Maingi Kyule, aliyekuwa refa siku hiyo kama Jumapili nyingine zote, alipuliza firimbi akakimbia kutazama. Hakuna mchezaji aliyekuwa karibu na yule winga. Palipokuwa na nyasi palichomoza kigingi cha saruji, kipya, kimepakwa rangi nyekundu kichwani.

"Bikoni ya mpaka," akasema beki mmoja. "Walikuja kupima jana."

"Akina nani?"

"Watu wa kanjo. Walikuwa na Mheshimiwa diwani."

Maingi aliinua macho. Akaona kigingi kingine karibu na goli, na kingine kule kinamama wanakouzia machungwa. Baraza la jiji, yaani kanjo, lilikuwa limeukata uwanja ploti, na watu wamekuwa wakicheza juu yake tangu asubuhi bila kujua.

Alichofanya hakukipanga. Alirudi nyuma hatua moja, akasimama wima, akatia mkono mfukoni, akakionyesha kile kigingi kadi nyekundu.

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Wachezaji wa timu zote mbili walipiga magoti wakakichimbua kwa mikono na kwa njumu za viatu, wakakibeba juujuu kama majeruhi, wakakitupa nje ya mstari. Ndipo sauti moja ya kike ikamwita refa kutoka upande wa machungwa: "Diwani!" Ikadakwa na wengine, ikazunguka uwanja, hata wale waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wa kanisa wakaipokea. "Diwani! Diwani!"

Maingi alipuliza firimbi mchezo uendelee. Lakini mechi hiyo aliiharibu. Alikataa goli ambalo kila mtu aliliona, na hakuna aliyemlaumu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ulikuwa mwezi wa Septemba mwaka wa tisini na saba. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na kila mtu alikuwa na neno mabadiliko mdomoni. Maingi hakuwa mtu wa siasa. Alitoka Mwala akiwa kijana, akapata kazi ya kuendesha gari la mkate, akamwoa Lydiah, binti wa Murang'a aliyekuwa akiuza nguo sokoni, wakamzaa Kamene, ambaye sasa alisoma shule ya bweni, na wakapata nyumba ya kanjo katika mtaa ulio kati ya Mowlem na Dandora. Sifa yake ilitokana na mpira. Katika fainali moja aliipa Mowlem penalti dhidi ya timu ya mtaa wake mwenyewe, dakika za mwisho, na mtaa ukafungwa. Walimtukana mwezi mzima. Baadaye wakaanza kumletea kesi zao: mwenye nyumba na mpangaji, mfereji na foleni ya maji, mke na shemeji. Mtu akikubali matokeo mabaya, walisema, huyo ameamuliwa na Maingi.

Mambo ya uwanjani aliyaamua kufumba na kufumbua. Hili la udiwani lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni, halimezeki wala halitoki. Alishusha mkate wa duka moja kwenye duka jingine. Alianza kunywa chai akaisahau, akaja kuikuta imeshika utando. Nyumbani aliketi, akainuka, akafungua mlango, akaufunga.

"Keti basi, Baba Kamene," Lydiah alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

Aliketi. Hata ugali haujaiva, alikuwa ameinuka tena.

Jumamosi iliyofuata walikuja wageni wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Khavere, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufundishia darasa kubwa, aliyepanga chumba kimoja karibu na shule na ndiye aliyeongoza kikundi cha wakazi. Wa pili alikuwa Ndung'u, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, jirani wa mlango wa tatu.

"Watu wamekutaja wenyewe," alianza Khavere. "Hatukuwafundisha. Nyamai amekuwa diwani miaka mitano, na unaona anachofanya. Sisi tunataka mtu wa kusimama na mambo machache tu, lakini ayashike." Akayataja kwa vidole: maji yafike mitaa yote kwa zamu inayojulikana, taka zizolewe, na la kwanza kabisa, ambalo alilisema mwisho ili lisikike: "Kila kipande cha ardhi ya umma kirudi kwa umma. Viwanja, vichochoro, njia za maji taka. Bila kubagua mtu."

Ndung'u akapiga meza hadi vikombe vikaruka. "Hapo sasa! Wabomolewe wote!"

Lydiah alikuwa anamimina chai. Birika lilisimama hewani kidogo, kisha likaendelea.

Maingi aligeukia dirisha. Lilikuwa halioni nje tena. Lilitazamana na ukuta wa mawe ulio karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, ndiyo maana taa ya sebuleni iliwashwa hata mchana. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha vya Lydiah, vimesimama juu ya kichochoro ambacho kanjo ilikiacha wazi ilipojenga nyumba zile, ili bomba la maji taka lipite na mafundi wapate pa kupitia. Nyumba zote za safu hiyo zilikuwa na vyumba kama hivyo. Karakana ya Ndung'u yenyewe ilikuwa imesimama juu ya kichochoro. Haikuwa siri ya mtu. Ilikuwa kitu kilichozoeleka mpaka hakionekani.

"Nipeni muda," alisema Maingi.

"Chama kinateua wagombea mwezi ujao," Khavere alimjibu. "Muda ndio hatuna."

Walipoondoka, Lydiah alikusanya vikombe bila haraka.

"Bila kubagua mtu," alisema, kama anayeonja chumvi. "Maneno matamu. Utaanza na nani?"

"Kila mtu amejenga, Mama Kamene."

"Ndiyo maana nakuuliza utaanza na nani. Mhubiri alisema juzi habari ya boriti kwenye jicho. Yetu haiko hata kwenye jicho, iko dirishani."

Maingi alitoka nje akatembea hadi kwenye uwanja, akauzunguka, akarudi, akatoka tena.

Mvua ilipoanza Oktoba, ile ambayo redio iliita El Niño, haikuanza kama mvua za siku zote. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikaendelea. Moshi wa jalala la Dandora ulizimika kwa mara ya kwanza tangu watu wakumbuke. Kisha bomba la maji taka likajaa, na uchafu ukapanda juu mlangoni pa chumba cha mwisho kati ya vile vitatu vya Lydiah.

Chumba hicho alikipanga Batulo, mjane kutoka Isiolo aliyekuwa akiuza maziwa. Wafanyakazi wa kanjo walikuja na vyuma vyao, wakainama, wakachungulia, wakatikisa vichwa. "Bomba liko chini ya chumba," mmoja alimwambia Maingi. "Tukitaka kulizibua tuchimbe humo ndani. Hatuwezi kuchimba nyumba ya mtu." Wakapanda lori lao wakaenda.

Batulo alichota uchafu kwa ndoo, akaumwaga barabarani, akarudi kuchota. Maingi alipotoka kazini alivua viatu, akachukua ndoo nyingine, wakachota pamoja.

"Uhame, Mama," alimwambia. "Hapa si pa kukaa mtu."

"Nihamie wapi, Baba Kamene? Nilikotoka nilihama, na huko nako nilikuwa nimehamia." Hakusema kwa uchungu. Alikaza kitambaa puani, akainama tena. "Wanasema utakuwa mkubwa wa kanjo. Kweli?"

"Sijui."

"Ukijua uniambie," alisema Batulo, "ili nijue kama niendelee kununua Dettol."

Siku mbili tatu baadaye, akiwa anashusha trei za mkate kwenye duka moja huko Mowlem, Maingi alisikia mtu akimsalimu kwa Kikamba. Alikuwa Nyamai, diwani mwenyewe, peke yake chini ya mwavuli, matope hadi kwenye magoti. Maingi alijiandaa kwa ugomvi. Haukuja.

"Ile kadi nyekundu nilisimuliwa," alisema Nyamai, akicheka kwa kweli. "Ningekuwepo ningecheka pia. Hebu nikuulize, wakikuita diwani, unasikiaje hapa?" Akagusa kifua chake.

Maingi alishikilia trei. "Sipati usingizi."

"Hata mimi sikupata. Tisini na mbili nilikuwa wewe, Maingi. Walinibeba mabegani kwenye uwanja uleule. Nikaapa nitafungua vichochoro vyote. Unajua nani alinigongea mlango baada ya kuapishwa? Si adui. Ni walewale walionibeba. 'Mheshimiwa, anza na wale wa safu ya pili.' Nikaenda safu ya pili. Kumbe nao walikuwa wamenibeba. Basi nikaacha. Na ukishaacha jambo moja, ndugu yangu, anayekuja na bahasha anakuta mlango wazi."

Mvua ilizidi. Nyamai akasogeza mwavuli ili umfunike Maingi pia.

"Vyumba vya Mama Kamene nitavipatia barua ya kanjo viwe halali. Usidhani nakuhonga. Kura zangu ninazo. Nakuepusha tu na kuwa mimi."

Akaenda zake akiruka madimbwi. Maingi alibaki amesimama hadi mwenye duka akamwita kwa sauti, maana mkate ulikuwa unalowa. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amemtafuta ndani ya moyo wake yule Nyamai wa kuchukiwa, na hakumpata. Alikuwa amemwona mtu mwenye matope magotini, mwenye kusema ukweli. Akiwa njiani kurudi kiwandani alijikuta anabishana naye kwa sauti ndani ya gari tupu, na Nyamai asiyekuwepo alikuwa anashinda.

Mkutano wa wakazi ulifanyika Jumamosi mchana kwenye shule ya chekechea. Watu wazima walijikunja kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, na waliokosa viti walisimama ukutani. Maingi alipoingia wakapiga makofi. Mtu akaimba kile kibwagizo cha uwanjani, wengine wakakiitikia. Lydiah alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, leso begani.

Maingi hakuwa amemwambia mtu atasema nini, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba hawezi kukaa na kile kitu siku nyingine moja.

"Mnajua bomba limeziba," alisema. "Mnajua limeziba wapi. Limeziba chini ya ukuta wangu. Mimi siwezi kumwambia Nyamai aondoe bikoni uwanjani na ukuta wangu uko juu ya bomba. Basi nitaubomoa kabla sijaomba kura ya mtu yeyote." Akapumua. "Nani mwingine?"

Mvua ilisikika juu ya mabati. Watu walitazama viatu vyao. Mama mmoja mnene aliyekuwa na vyumba vitano alianza kumfunga mtoto mgongoni ingawa mtoto alikuwa hajalia.

Ndung'u ndiye aliyeinuka. "Bwana refa," alisema, "tulikuita umfunge Nyamai. Hatukukuita utupigie sisi penalti."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha uwanjani.

"Na wapangaji wangu niwapeleke kwa nani, kwa mama yako?" akauliza yule mama mnene.

"Tuelewane," alisema Khavere akiinua mikono. "Mimi sina ukuta, kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema. Lakini jambo hili tuliliandika pamoja. Bila kubagua mtu. Mlipiga makofi."

"Tulipiga makofi kwa ajili ya uwanja!"

Kukawa na zogo. Kisha kukaanza ile kazi ya watu kukumbuka shughuli zao: mmoja ana mgonjwa, mwingine ameacha sufuria mekoni. Maingi alitafuta uso wa Lydiah kule mlangoni. Hakuuona. Alikuwa ameondoka wa kwanza.

Alimkuta nyumbani ameketi kitandani, viatu bado miguuni.

"Umetoa vyumba vyangu mbele za watu," alisema bila kupaza sauti, "kama anayetoa sadaka kuku wa jirani."

"Mama Kamene—"

"Mawe nilibeba mimi. Wewe ulikuwa umelala hapa na mguu kwenye plasta, kazi imekuacha, na Kamene amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Nilimsimamia fundi nikiwa na malaria. Hukuniuliza wakati wa kujenga kwa sababu ulikuwa huwezi kusimama. Leo unasimama vizuri, umeniuliza?"

Aliyekuwa akiamua kesi za mtaa mzima hakuwa ameona kwamba hii ilikuwa na mlalamikaji, tena chini ya paa lake.

Siku zilizofuata ziliwapitia kimya. Maingi aliendesha gari na miguu ikitaka kutoka kwenye pedali ikimbie peke yake. Khavere alimtuma mwanafunzi na ujumbe: chama kinafunga orodha Jumatatu. Ndung'u alipomwona alivuka barabara.

Jumatano alirudi mapema. Lydiah alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Maingi alivuta kigoda akaketi karibu naye, akaanza kuchambua pia. Alitoa mawe madogo, akayaweka pembeni.

"Nimekuja kukuomba," alisema.

"Unaomba nini? Udiwani au ukuta?"

"Ukuta. Udiwani hata sijui kama nautaka."

Lydiah alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Sasa umesema kitu. Endelea."

"Tangu waniite siwezi kutulia. Nikisema ndiyo, namwona Nyamai, namwona alivyoanza vizuri. Nikisema hapana, namwona Batulo na ndoo yake, na mimi nimesimama hapo nimejua kila kitu na nimenyamaza. Kila upande ninaogeukia nina aibu. Na kubwa kuliko zote ni ya Jumamosi. Nisamehe."

Lydiah aliendelea kuchambua. Maharagwe yalilia yakidondoka kwenye sufuria, kidogo kidogo.

"Bomba limeziba chini ya chumba kimoja tu," alisema hatimaye. "Cha mwisho. Hicho bomoa. Hivi viwili nitavitoa siku ambayo watu wa safu hii watatoa vyao, na nitashika nyundo mwenyewe. Lakini sitakuwa wa pekee kulowa mvuani ili wengine wanisifu kutoka madirishani."

Maingi alitaka kusema kwamba vyote vitatu viko juu ya ardhi ya umma. Maneno yalifika kwenye meno. Akayarudisha, si kwa kuogopa, ila alijua kwamba alichopewa kilikuwa kikubwa kuliko alichostahili.

"Na Batulo?"

"Nimeshazungumza naye. Atakaa chumba cha Kamene mpaka shule zifungwe. Ulidhani nilikuwa nimekaa tu nimenuna?"

Jumamosi mvua ilipumzika kidogo. Maingi alianza kubomoa kwa nyundo aliyoazima kiwandani, lakini ukuta wa Lydiah ulikuwa umejengwa na mtu aliyesimamiwa vizuri, haukutaka kuanguka. Watu walitazama kutoka milangoni mwao. Alikuwa amelowa jasho aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Ndung'u na nyundo ile kubwa ya karakana.

"Umekuja kubomoa wako pia?" Maingi akamwuliza.

"Huo bado naufikiria." Ndung'u alitema mate mikononi. "Sogea. Unapiga kama mtu anayebisha hodi."

Waliuangusha kabla ya jua la saa saba. Mama mnene wa vyumba vitano aliwatazama muda wote akiwa amekunja mikono, na mwisho akaingia ndani akafunga mlango. Wiki hiyo kanjo walirudi, wakachimba, wakalizibua bomba, na maji yakashuka na mngurumo ambao safu nzima iliusikia. Safu nzima ikafurahi. Ukuta mwingine haukuanguka hata mmoja.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo Maingi na Khavere walikuwa wamekwenda mjini, kwenye ofisi ya chama ghorofa ya tatu, ngazi zimejaa watu wenye suti zilizolowa. Wengi walikuja na wafuasi wa kuwaimbia. Mmoja aliwauliza wao wako wangapi. "Wawili," alijibu Khavere, "na huyu mmoja bado anafikiria."

Zamu yao ilipofika, karani aliinua kalamu bila kuinua uso. "Jina? Wadi?" Maingi akataja. Karani akainua uso akasita, pengine kwa sababu aliona jinsi mtu huyo alivyokuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Una hakika, mzee?"

"Hapana," alisema Maingi. "Andika."

Walishuka ngazi wakijipenyeza kati ya wale waimbaji. Huko nje mvua ilikuwa imeanza tena. Khavere alikuwa tayari anazungumza juu ya nyumba za upande wa Dandora, nani wa kutembelewa kwanza, nani hawezi kusikia neno ukuta bila kufunga mlango, na Maingi alimsikiliza akiwa mbele yake kidogo, akitembea upesi mno, mpaka mwalimu ikambidi amwombe apunguze mwendo.